Eugénie Brazier kupitia sahani zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tumekusanya maswali yanayoulizwa zaidi kuhusu Eugénie Brazier, mpishi wa Lyon, Ufaransa, aliyejulikana kwa jina la la Mère Brazier. Tumeyapanga kwa kufuata mapishi. Alipika vyakula vichache akavirudia karibu nusu karne, na kila kimoja kinaonyesha alikotoka au nani alimfundisha. Vipimo ni vya watu 4 hadi 6.

Kwa kifupi, Eugénie Brazier alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 12 Juni 1895 La Tranclière, kijiji cha wakulima karibu na Bourg-en-Bresse, mashariki mwa Ufaransa. Alifariki tarehe 2 Machi 1977. Mwaka 1933 mwongozo wa migahawa wa Michelin uliipa migahawa yake miwili nyota tatu kila mmoja, daraja la juu kabisa. Kabla yake hakuna mpishi aliyewahi kushika nyota sita kwa wakati mmoja, na baada yake hakuna aliyefikia hapo hadi Alain Ducasse mwaka 1998.

Husemwa pia kwamba ndiye mwanamke wa kwanza kupata nyota tatu. Hiyo ni kweli nusu: Marie Bourgeois, mpishi wa kijiji cha Priay, alizipata mwaka huo huo.

Nikitaka kumwelewa, nianze kupika nini?

Anza na uji. Wakulima wa Bresse, eneo alikozaliwa, walikula gaudes, uji wa unga wa mahindi yaliyokaushwa na kuokwa kwenye tanuri kabla ya kusagwa. Mahindi yalifika Bresse karne ya 17, yakawa chakula cha maskini na cha kuku pia, jambo ambalo tutalirudia chini. Brazier alikulia kwenye mashamba hayo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 10, akapelekwa kufanya kazi kwenye mashamba ya watu, akichunga nguruwe na ng'ombe. Shule alikwenda majira ya baridi tu, kazi za shambani zinapopungua.

Msomaji wa Afrika Mashariki atadhani anaujua uji huu tayari. Tofauti iko kwenye kuokwa kwa punje: unga unakuwa wa kahawia, una harufu ya karanga za kukaanga, na hauachi ule ubichi wa sembe.

Kwa kuwa unga wenyewe hauuzwi huku, tumia unga wa dona, gramu 125. Utandaze kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukoroge bila kuacha dakika 8 hadi 10 mpaka ubadilike rangi na harufu ijae jikoni. Ukianza kutoa moshi umeshaungua, na uchungu wake hautoki. Mwaga uanze upya. Uache upoe kabisa, kisha uuchanganye na maji baridi mililita 250. Mimina mchanganyiko huo kwenye maji mililita 750 yanayochemka, au nusu maji nusu maziwa, na chumvi kijiko kidogo kimoja. Punguza moto, pika dakika 45 hadi saa nzima ukikoroga mara kwa mara. Ni muda mrefu kuliko uji wa kawaida, lakini ukiuepua mapema unga utakwaruza ulimini.

Hupakuliwa ukiwa mzito, na maziwa baridi au malai pembeni. Uliobaki ukiganda hukatwa vipande na kukaangwa kwa siagi.

Alifikaje Lyon?

Mwaka 1914 alizaa mtoto wa kiume, Gaston, bila ya kuolewa. Baba yake alimfukuza nyumbani. Akaenda Lyon kufanya kazi za ndani kwa familia ya Milliat, watengenezaji wa pasta, na huko ndiko alikoanza kupika kwa ajili ya watu wa mjini. Mtoto ilibidi amweke kwa mlezi.

Kutoka hapo aliingia kwenye jiko la Françoise Fillioux, mpishi maarufu kuliko wote Lyon wakati huo, kisha akapika kwenye mgahawa wa Brasserie du Dragon. Mwaka 1921 akafungua kwake.

Kwa nini yeye na wenzake wa Lyon wanaitwa "Mère"?

Ni mama, kwa maana ile ile ya mama lishe. Lyon ilikuwa na wanawake wengi wa aina hii, wengi wao wapishi wa zamani wa nyumba za matajiri. Walikuwa na orodha fupi ya vyakula isiyobadilika. Kwa Fillioux mteja alijua kabla ya kukaa kwamba atapata supu, quenelle (madonge ya samaki), atichoki (mboga) na kuku, kisha mama mwenyewe atatoka jikoni na kisu kidogo kumkata kuku mezani.

Kuku wa demi-deuil hupikwaje?

Hii ndiyo sahani iliyomjengea jina. Aliikuta kwa Fillioux, akahama nayo. Ni kuku wa kuchemsha, mwenye vipande vyeusi vya trufu (uyoga unaoota chini ya udongo) vilivyopachikwa chini ya ngozi. Weusi unaoonekana kupitia weupe ndio uliompa kuku jina la "nusu msiba".

Unahitaji:

- kuku mtemba mmoja, kilo 1.8 hadi 2, aliyenona
- trufu nyeusi gramu 40 hadi 60
- liki 4 (mboga ya jamii ya kitunguu), sehemu nyeupe na kijani kibichi kidogo
- karoti 6
- kitunguu 1 kilichochomekwa karafuu 2
- maji, au supu ya kuku isiyo na chumvi, ya kutosha kumfunika
- chumvi gramu 8 kwa kila lita
- kitambaa safi cha pamba, chepesi, na uzi wa jikoni

Mtoe kuku kwenye friji saa moja kabla. Ukimtumbukiza akiwa wa baridi kali, paja litabaki bichi kwenye mfupa wakati kidari kimeshaiva.

Ingiza vidole kuanzia upande wa shingo, utenganishe ngozi na nyama taratibu juu ya kidari, kisha ufike mpaka kwenye mapaja. Kata kucha fupi au vaa glavu: tundu dogo la kucha litapanuka ndani ya sufuria na kuwa mpasuko. Kata trufu vipande vya milimita 2. Vikiwa vyembamba zaidi vitajikunja, vikiwa vinene vitatoboa ngozi. Panga vinne au vitano kila upande wa kidari, viwili kila paja. Vuta ngozi ya shingo uifunge chini. Funga miguu na mabawa kwa uzi, mviringe kuku kwenye kitambaa, ukaze bila kumbana. Kazi ya kitambaa ni kushika ngozi na kuzuia povu lisimgande.

Ukiweza, mwache hivyo kwenye friji usiku mzima ili harufu ya trufu iingie nyamani, halafu mtoe mapema kama tulivyosema.

Chemsha maji na mboga na kitunguu dakika 15. Mtumbukize kuku, kidari juu. Maji yakianza kutaka kuchemka tena, engua povu, na punguza moto. Kuanzia hapo maji yasichemke tena. Joto linalotakiwa ni nyuzi 80 hadi 85. Kama huna kipimajoto, angalia uso wa maji: unatetemeka, na kiputo kimoja kimoja kinapanda polepole. Muda ni dakika 45. Kisha zima moto, funika, mwache ndani ya supu dakika 30 nyingine.

Kabla ya kumpakua, choma kipimajoto sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Kisome nyuzi 74. Bila kipimajoto, toboa paja: maji yatoke meupe, bila wekundu.

Mkate mezani, na mboga zake, vijiko viwili vitatu vya supu juu, chumvi ya mawe, haradali na achari ya matango madogo. Brazier aliongeza cheri zilizolowekwa kwenye siki. Usitengeneze mchuzi mzito wa malai. Watu wengi huongeza, na sahani inapoteza kile kilichoifanya iwe yenyewe.

Kuku wangu alikauka na supu ikawa na ukungu. Nimekosea wapi?

Umechemsha kwa nguvu. Karibu makosa yote ya sahani hii yana chanzo hicho. Maji yanayotokota hukaza nyama ya kidari mpaka ikamue maji yake, na huvuruga mafuta na povu mpaka vichanganyike na supu. Yakizidi, ngozi inapasuka na trufu zinaelea.

Kosa la pili ni sufuria isiyotosha. Katika sufuria ndogo yenye supu chache, joto hushuka haraka ukizima moto, na zile dakika 30 za mwisho hazipiki chochote. Tumia sufuria nzito, kuku azame na kubaki na vidole viwili vya supu juu yake. Fillioux alipika kuku wengi katika sufuria moja kubwa; hapo joto lilikaa, na supu ilikuwa nzito kwa ladha ya kuku wote.

Naweza kutumia kuku wa kienyeji?

Ndiyo, na kwa ladha anamshinda wa kisasa kwa mbali, ila badilisha muda. Kienyeji aliyekomaa anahitaji saa 1 na nusu hadi saa 2 na nusu katika joto hilo hilo, na kupumzika ndani ya supu. Mboga za kula zitie katika dakika 30 za mwisho. Zile za mwanzo zitakuwa zimechoka, zitupe. Chagua mtemba, yaani jike ambaye hajaanza kutaga. Jogoo mzee mwachie mchuzi wa nazi.

Kuku wa kisasa wa wiki sita ni mdogo na laini mno. Dakika 30 zinamtosha, ngozi yake inachanika kirahisi, na supu inatoka nyepesi. Ukilazimika kumtumia, anza na supu ya mifupa iliyopikwa kabla, maji matupu hayatafua dafu.

Trufu sina, na bei yake haisemeki. Nifanyeje?

Chukua uyoga mkavu gramu 20, uloweke kwenye maji ya moto dakika 20, ukamue, uukatekate. Ukaange kwa kitunguu kidogo mpaka maji yote yaishe, upoe, kisha uuchanganye na siagi laini gramu 60 na chumvi. Upake chini ya ngozi. Haitakuwa demi-deuil, itakuwa kuku mzuri wa uyoga. Maji uliyolowekea yachuje, uyamimine kwenye supu.

Mafuta ya trufu ya chupa hatuyapendekezi. Mengi yametiwa harufu ya kiwandani, na ndani ya supu ya moto harufu hiyo hufunika kila kitu.

Kuku wa Bresse ana nini cha pekee?

Ana manyoya meupe, miguu ya buluu na upanga mwekundu, rangi za bendera ya Ufaransa. Jina lake linalindwa kisheria tangu 1957. Hufugwa nje kwenye majani, angalau mita 10 za mraba kwa kila kuku, akila nafaka (mahindi ndiyo makuu), maziwa, na wadudu anaowatafuta mwenyewe. Siku za mwisho hufungiwa akanoneshwa. Kuku wa kawaida wa Bresse huchinjwa akiwa na miezi 4 au zaidi, mtemba miezi 5, jogoo aliyehasiwa miezi 8.

Mahindi na maziwa: ni uji ule ule wa wakulima, umelishwa ndege. Brazier alizaliwa kwenye eneo la kuku hawa na aliwajua kabla hawajawa anasa. Alijulikana kwa ukali kwa wauzaji. Inasimuliwa kwamba mmoja alitania kuwa karibu ataambiwa awatengeneze kuku kucha.

Alipofungua mgahawa 1921 alipika nini?

Mgahawa ulikuwa namba 12 rue Royale, karibu na mto Rhône, katika duka dogo la zamani. Mtaji ulikuwa faranga 12,000, meza zilitosha watu 15. Mchana wa kwanza aliandaa kamba wa mtoni na mayonezi, njiwa na njegere, na brioche (mkate laini wa mayai na siagi) yenye matofaa yaliyomwagiwa pombe na kuwashwa moto.

Brioche ndiyo inayowasumbua watu, kwa hiyo tuiseme vizuri. Unga wa ngano gramu 500, mayai 5, maziwa mililita 60, sukari gramu 50, chumvi gramu 10, hamira ya chenga gramu 7, siagi gramu 250. Changanya vyote isipokuwa siagi, ukande dakika 12 hadi 15 mpaka donge linyumbuke na kuachia bakuli. Sasa tia siagi kipande kwa kipande, kila kimoja kiingie kabla ya kingine. Ukiitia yote pamoja donge litateleza na kugawanyika. Acha liumuke saa 1 na nusu, likande kidogo kutoa hewa, liweke kwenye friji usiku kucha. Asubuhi litie kwenye chombo kilichopakwa siagi, liumuke saa 2, lipake yai, lioke nyuzi 180 kwa dakika 30 hadi 35.

Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa siagi huyeyuka mikononi. Weka unga na mayai kwenye friji tangu jana yake, kanda alfajiri, na donge likianza kung'aa mafuta lirudishe kwenye baridi dakika 20 kabla ya kuendelea.

Matofaa: 6, yamenywe, kila moja likatwe vipande 8. Kaanga kwa siagi gramu 60 moto wa kati, nyunyiza sukari gramu 80, geuza mpaka rangi ya dhahabu. Kwa kuwasha moto, pasha kando ramu au brandi ya matofaa mililita 60, zima jiko, mimina, kisha washa kwa kiberiti kirefu. Usimimine kutoka kwenye chupa juu ya moto. Feni ya kuvuta moshi izimwe.

Na atichoki na foie gras?

Ilikuwa ya kudumu kwenye orodha, na ni rahisi. Chukua atichoki kubwa, moja kwa mtu, menya majani yote mpaka kwenye kitako, usugue kwa limau papo hapo kwa sababu inageuka nyeusi. Chemsha kwenye maji yenye chumvi na limau dakika 20 hadi 30, mpaka kisu kipite. Ondoa nyuzi za katikati kwa kijiko. Ikiwa bado na uvuguvugu, imwagie mafuta, siki na haradali. Ikishapoa kabisa weka juu kipande cha foie gras baridi.

Foie gras ni ini nono la bata anayelishwa kwa nguvu, na nchi kadhaa zimepiga marufuku uzalishaji wake. Maini ya kuku yaliyosagwa na siagi yanakaa vizuri mahali pake.

Quenelle ni nini hasa, na mbona zangu zinakuwa kama mpira?

Ni madonge marefu ya samaki aliyesagwa, unga uliopikwa, mayai na mafuta, yanayotoswa kwenye maji kisha kuokwa na mchuzi mweupe. Lyon hutumia samaki wa maji baridi aitwaye brochet, ambaye ni mtamu lakini ana miiba midogo isiyohesabika. Asili ya sahani ni hiyo: kumsaga samaki ambaye hakuna anayeweza kumla kwa raha. Kwetu sangara au changu anafaa.

Pika kwanza panade, yaani ule unga uliopikwa. Chemsha maziwa mililita 250 na siagi gramu 60, tia unga gramu 125 kwa mara moja, songa kwa mwiko juu ya moto mdogo dakika 3 mpaka uachie sufuria. Ipoe kabisa.

Saga samaki asiye na ngozi gramu 400 na chumvi gramu 10, pilipili manga nyeupe, kungumanga kidogo. Mpitishe kwenye chujio la waya. Ongeza panade, kisha siagi laini gramu 120, kisha mayai 4 moja moja. Kila kitu kiwe baridi. Mchanganyiko ukipata joto mafuta hujitenga, na hapo hakuna tiba. Weka kwenye friji usiku mzima.

Chota kwa vijiko viwili vikubwa, au viringisha kwa mkono juu ya unga kidogo sana. Tosa kwenye maji yenye chumvi ya nyuzi 80 hadi 85, dakika 12 hadi 15, zikishaelea zigeuze. Zitoe, zikauke. Mchuzi: siagi gramu 50, unga gramu 50, maziwa lita 1, upike dakika 15, uwe mwepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu quenelle zitaunywa. Panga kwenye bakuli la oveni kwa nafasi, mimina mchuzi, nyunyiza jibini, oka nyuzi 180 dakika 20 hadi 25. Zitafura karibu mara mbili. Peleka mezani mara moja, zinashuka.

Umpira una sababu tatu: unga mwingi (watu huongeza ili zishikike vizuri mkononi), maji yanayotokota, au kutopumzisha mchanganyiko. Zikipasuka kwenye maji, mafuta yalijitenga tangu mwanzo.

Mgahawa wa pili ulitokeaje?

Kwa uchovu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikwenda kupumzika kwenye kibanda cha mbao Col de la Luère, mlimani, kilomita 20 hivi magharibi mwa Lyon. Hakukuwa na gesi wala umeme. Wateja wakamfuata, akaanza kuwapikia kwa vyakula vile vile, na kibanda kikawa mgahawa wa nyota tatu. Ukiitazama orodha yake unaona kwa nini iliwezekana: kuku, mboga, maji na moto mdogo vinatosha. Sahani moja ya gharama kubwa iliyohitaji ustadi wa ziada ilikuwa langouste Belle Aurore, kamba koche katika malai na konyaki.

Paul Bocuse, mpishi maarufu wa Ufaransa, alijifunza nini kwake?

Alifika Col de la Luère mwaka 1946, akiwa kijana aliyetoka vitani. Alikamua ng'ombe, alilima bustani, alifua na kupiga pasi, na kupika pia. Mwenyewe alilieleza jambo hilo waziwazi maisha yake yote. Mafunzo yenyewe yalikuwa hayo: kujua maziwa na mboga vinatoka wapi kabla ya kuvigusa jikoni. Mwaka 1965 Bocuse alipata nyota tatu zake.

Ni kweli alifungwa?

Ndiyo, wiki moja, wakati Wajerumani walipoikalia Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili, kwa kukiuka kanuni za mgawo wa chakula.

Na Légion d'honneur, nishani ya heshima ya Ufaransa?

Aliikataa. Inasimuliwa kwamba aliona nishani hiyo ni ya watu waliofanya makubwa kuliko kupika. Édouard Herriot, meya wa Lyon kwa miongo mingi na mteja wake wa kudumu, alikuwa akisema Brazier analitangaza jiji kuliko yeye.

Mapishi yake yaliandikwa?

Kwa kuchelewa. Kwa kuwa shule yake ilikuwa ya kudonoa, alipika kwa kukumbuka na kwa mkono. Kitabu chake kilitoka mwaka 1977, baada ya kifo chake, kikikamilishwa na wengine. Ndiyo maana utakuta vipimo vinatofautiana kati ya chanzo kimoja na kingine, hasa uzito wa trufu na muda wa kuku. Vyetu ni vile vinavyofanya kazi kwenye jiko la nyumbani.

Mimi ni Mwislamu. Nibadilishe nini?

Machache. Kuku wa demi-deuil hana pombe wala nguruwe. Kwenye quenelle, mapishi mengine hutumia mafuta ya figo ya ng'ombe. Hapa tumeweka siagi. Kwa matofaa, badala ya ramu, chemsha juisi ya tofaa mililita 200 ibaki robo, ongeza maji ya ndimu kijiko kimoja, umimine mwishoni. Moto hautawaka, ladha haipungui sana.

Mgahawa bado upo?

Upo, rue Royale 12. Gaston aliuendesha mpaka alipofariki, kisha binti yake Jacotte kuanzia 1974 hadi 2004. Mathieu Viannay aliununua 2008 akaurudisha kwenye nyota mbili. Kuku wa trufu hajaondoka kwenye orodha.

Supu iliyobaki nifanyie nini?

Usiimwage. Ichuje, ipoze haraka (weka sufuria kwenye beseni la maji ya barafu), kisha friji. Mafuta yataganda juu. Yaondoe uyahifadhi kwa kukaangia viazi. Kwenye friji supu hukaa siku 3, kwenye friza miezi 3. Ipikie wali badala ya maji, kwa kupunguza chumvi, au iweke iwe mwanzo wa kuku anayefuata. Ukiirudia hivyo mara ya pili, chemsha kwa nguvu dakika 5 peke yake kwanza, engua, onja chumvi, ndipo umtumbukize kuku.